Wanaoachwa Nyuma

Mwezi Juni 2019, watafiti wawili wa taasisi moja ya Paris, Sciences Po, walitiwa mbaroni nchini Iran. Mmoja alikuwa Roland Marchal, Mfaransa ambaye yeyote anayefuatilia vita vya Somalia, Chad au Jamhuri ya Afrika ya Kati atakuwa amekutana na maandishi yake. Mwingine alikuwa Fariba Adelkhah, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Iran aliyekwenda Ufaransa akiwa kijana, akasoma huko na kupata uraia wa huko, lakini hakuacha kurudi Iran kwa sababu ndiko utafiti wake ulikokuwa na ndiko kwao. Marchal alikuwa amesafiri kwenda kumtembelea. Wote wawili wakapelekwa gereza la Evin, kaskazini mwa Tehran, na wote wawili wakaambiwa wamehatarisha usalama wa taifa.

Machi 2020 Marchal aliachiwa. Siku hizohizo Ufaransa ilimwachia mhandisi wa Kiirani ambaye Marekani ilikuwa inamtaka kwa tuhuma za kukiuka vikwazo. Adelkhah hakuwemo katika mapatano hayo. Miezi miwili baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alitoka Evin Februari 2023, na ikambidi asubiri hadi Oktoba mwaka huo ndipo aruhusiwe kurudi Paris. Mwenzake, waliyekamatwa naye mwezi mmoja, alikuwa ameshakaa nyumbani kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Nimeanza na watu hawa wawili kwa sababu kisa chao kinaonyesha waziwazi jambo ambalo maelezo ya wanasheria na wanadiplomasia hulifunika. Kazi yao ilikuwa moja, mwajiri mmoja, gereza moja. Walitofautiana kwa pasipoti: Marchal alikuwa na moja, Adelkhah mbili, na ile ya kuzaliwa ndiyo iliyomzuia. Sheria ya Madai ya Iran, kifungu cha 989, inauhesabu kuwa batili uraia wa nje ambao Muirani ameuchukua bila kufuata masharti ya serikali yake. Kwa hiyo mwenye uraia pacha hutakiwa kuingia Iran na kutoka kwa pasipoti ya Iran, na akikamatwa, ofisa wa ubalozi anayekwenda kumuulizia hujibiwa kwamba hana mtu wake humo ndani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuonana na maofisa wa nchi yake. Machoni pa waliomkamata, Adelkhah hakuwa mgeni.

Sitaki maneno yangu yapindwe. Mkosaji wa kwanza ni dola inayomkamata mtu asiye na hatia ili itumie uhai wake kudai kitu kwa dola nyingine. Iran ina malalamiko ya kweli dhidi ya nchi za Magharibi, na lile la mwaka 1953, Marekani na Uingereza zilipopanga kumwangusha Waziri Mkuu Mossadegh, si dogo hata kidogo. Lakini mtafiti aliyekuja kumwona mwenzake hakumwangusha Mossadegh, wala mama aliyemleta mtoto kwa bibi yake. Baada ya kusema hayo, ipo dhuluma ya pili, ambayo hufanywa kwa barua zenye nembo na lugha ya upole, na wanaoifanya ni wale waliotoa ile pasipoti nyingine. Nchi hizi humpa mgeni uraia kwa kiapo na bendera, zikamwambia kuanzia leo wewe ni sawa na sisi. Siku ya shida ikifika humpanga mwisho wa foleni. Hilo ndilo linaloniuma.

Namna mtu anavyogeuzwa mateka imekuwa ya kawaida mno, kiasi kwamba walionusurika husimulia karibu mambo yaleyale. Mara nyingi kukamatwa hutokea uwanja wa ndege, siku ya kuondoka. Wanaokamata ni Walinzi wa Mapinduzi, jeshi lenye sehemu yake ndani ya Evin, iitwayo 2-A, isiyosikiliza amri ya wakuu wa magereza. Hufuata wiki au miezi ya kufungiwa peke yake, kuvalishwa kitambaa machoni kila anapotolewa, na kuhojiwa kwa saa nyingi. Mashitaka huja baadaye: ujasusi, kushirikiana na serikali adui, propaganda dhidi ya dola. Kesi huenda Mahakama ya Mapinduzi, milango ikiwa imefungwa, na wakili ni yule ambaye mahakama imemkubali. Kisha familia inayosubiri London au Stockholm huanza kupenyezewa habari kwamba jambo hili lingekwisha mapema kama serikali yao ingefanya kitu fulani. Hapo ndipo bei inapotajwa, na bei huwa ni fedha zilizozuiliwa, au mtu wao aliyefungwa Ulaya, au mashine zilizowekewa vikwazo. Mfungwa amewekwa rehani, na mwenye duka anasubiri.

Nataka kumtaja Baquer Namazi, kwa kuwa mzee huyu aliwahi kutumika kwetu. Alikuwa mwakilishi wa UNICEF Somalia, Kenya na Misri. Oktoba 2015 mwanawe Siamak, mwenye uraia wa Iran na Marekani, alikamatwa Tehran. Februari mwaka uliofuata mzee, akikaribia miaka 80 na mgonjwa wa moyo, alipanda ndege kwenda kumwona mwanawe, naye akakamatwa. Ilipofika Oktoba 2016 baba na mwana walikuwa wamehukumiwa miaka kumi kila mmoja.

Kati ya kukamatwa kwa mwana na kukamatwa kwa baba, mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo. Januari 2016, wikendi ileile mkataba wa nyuklia ulipoanza kutekelezwa, Iran iliwaachia Wamarekani kadhaa, akiwemo Jason Rezaian, mwandishi wa Washington Post. Ndege ilitua Tehran ikiwa na noti za kigeni zenye thamani ya dola milioni 400. Zilikuwa sehemu ya dola bilioni 1.7 ambazo Marekani ilikubali kulipa kumaliza mgogoro wa tangu enzi za Shah, wa silaha zilizolipiwa bila kupelekwa. Siamak hakuwemo katika walioondoka. Alibaki Evin chini ya Obama, akabaki chini ya Trump, na Januari 2023, chini ya Biden, alifunga kula siku saba, siku moja kwa kila mwaka tangu alipoachwa. Baba yake alikuwa ameruhusiwa kuondoka Oktoba 2022 kwenda kutibiwa, akapitia Muscat. Mwana alitoka Septemba 2023, baada ya karibu miaka minane.

Kila ninaposoma habari za familia hii hukutana na watu wanaouliza: kwani walirudi kufanya nini? Hawakujua Iran ilivyo? Swali hilo huulizwa na mtu ambaye mama yake anaishi umbali wa safari ya basi. Aliyehamia ng'ambo ana wazazi wanaozeeka, ana makaburi, ana dada anayeolewa. Serikali za Ulaya na Marekani zimeandika maonyo ya safari mwaka hadi mwaka, na maonyo hayo yana haki yake, lakini hayamwondolei mtu jukumu la kumzika baba. Aliyekwenda kumwona mwanawe gerezani alijua hatari kuliko waandishi wa maonyo hayo, akaenda.

Kisa cha Nazanin Zaghari-Ratcliffe kinajulikana zaidi kuliko vyote. Sababu ni kwamba mume wake, Richard, alikataa kunyamaza. Nazanin alikamatwa tarehe 3 Aprili 2016 uwanja wa ndege wa Imam Khomeini, akirudi London baada ya sikukuu ya Nowruz kwa wazazi wake, akiwa na binti wa miezi 22. Pasipoti ya Kiingereza ya mtoto ikachukuliwa. Mtoto akalelewa na babu na bibi mpaka Oktoba 2019, aliporudishwa kwa baba yake. Katika miaka yote aliyoshikiliwa Nazanin, Uingereza ilibadilisha mawaziri wa mambo ya nje watano. Mmoja wao, Boris Johnson, aliiambia kamati ya Bunge tarehe 1 Novemba 2017 kwamba Nazanin alikuwa anafundisha watu uandishi wa habari, jambo ambalo halikuwa kweli, alikuwa likizo. Siku tatu baadaye mahakama ya Tehran ilimwita tena, na maneno ya waziri wake mwenyewe yakatumika kama ushahidi dhidi yake.

Halafu kuna deni. Katika miaka ya 1970 Shah aliagiza Uingereza vifaru vya Chieftain zaidi ya 1,500, kupitia kampuni ya Wizara ya Ulinzi iliyoitwa International Military Services, akalipa. Mapinduzi ya 1979 yalipofika, vifaru 185 tu ndivyo vilivyokuwa vimepelekwa. Uingereza ikabaki na fedha na vifaru. Wasuluhishi wa kimataifa waliamua kwamba Iran ilipwe, na London ikatumia miaka kubishania riba na kutaja vikwazo. Tarehe 16 Machi 2022 pauni milioni 393.8 zililipwa, na Nazanin akapanda ndege pamoja na Anoosheh Ashoori, mhandisi aliyekamatwa mwaka 2017 alipokwenda kumtazama mama yake.

Wako waliosema hicho kilikuwa kikomboleo. Mimi siafiki. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na deni hili lilikuwa limeshathibitishwa na mahakama. Kama lingelipwa lilipoamuliwa, wakamataji wangekosa kisingizio hiki. Wangetafuta kingine, najua, lakini hiki wasingekuwa nacho. Serikali iliyokuwa tayari kumwambia Richard kwamba inafanya kila iwezalo ilikuwa na hundi mezani ambayo sheria iliitaka iiandike. Miaka sita ya mama na mtoto ilitumika kulinda fedha ambazo hazikuwa za Uingereza.

Na hata siku ile ya furaha, mtu mmoja aliachwa. Morad Tahbaz alizaliwa London, ana uraia wa Uingereza, wa Marekani na wa Iran. Alikuwa katika kundi la watunza wanyamapori waliokamatwa Januari 2018, waliokuwa wakitega kamera nyikani kuwahesabu duma wa Asia, ambao nje ya Iran wametoweka kabisa. Kamera hizo ziliitwa vifaa vya ujasusi. Nazanin alipoondoka, Tahbaz alitolewa gerezani kwa ruhusa, na baada ya muda mfupi akarudishwa. Maelezo yaliyotolewa London yalikuwa kwamba Tehran inamhesabu kuwa Mmarekani. Alikuwa na pasipoti tatu, na kila moja ilikuwa sababu ya mwingine kutomchukua. Yeye pia alisubiri Septemba 2023, pamoja na Siamak, wakati dola bilioni 6 za Iran zilizokuwa zimezuiliwa Korea Kusini zilipohamishiwa Qatar na Wairani watano kufutiwa kesi au vifungo Marekani.

Ugumu mkubwa uko pale bei isipokuwa fedha. Mwaka 2021 mahakama ya Antwerp ilimhukumu Asadollah Assadi, mwanadiplomasia wa Iran, miaka 20 kwa kupanga kulipua mkutano wa wapinzani karibu na Paris mwaka 2018. Februari 2022 Iran ilimkamata Olivier Vandecasteele, Mbelgiji mfanyakazi wa misaada, ikampa kifungo cha miaka 40 na viboko 74. Mei 2023 wawili hao walibadilishana nafasi Muscat. Hapo moyo wangu hugawanyika. Mtu aliyepeleka bomu anarudi kwao kupokewa kwa mashada, na kila mpelelezi wa kila dola anajifunza kwamba akishikwa, wakubwa wake wanahitaji tu kumtafuta mfanyakazi wa misaada. Lakini sioni nani mwenye haki ya kwenda kwa wazazi wa Vandecasteele na kuwaambia kwamba mtoto wao aozee jela ili somo lisifundishwe. Ubelgiji ilichagua kumrudisha mtu wake. Ningekuwa katika nafasi yao, naamini ningefanya hivyohivyo, na nisingelala.

Ninachokataa ni ile hoja ya wale wanaotaja ugumu huu ili wasifanye lolote. Kati ya kumbadilisha mlipuaji na kukaa kimya kuna mambo mengi. Kuna kuwawekea vikwazo waendesha mashitaka, majaji na wahojaji kwa majina yao, ambao wengine wana watoto wanaosoma Ulaya. Kuna kukubaliana baina ya mataifa kwamba akikamatwa raia wa mmoja, mabalozi wa wote wanapeleka malalamiko siku ileile. Kanada ilianzisha azimio la namna hiyo Februari 2021, baada ya China kuwakamata Michael Kovrig na Michael Spavor siku chache tu tangu Meng Wanzhou wa Huawei akamatwe Vancouver Desemba 2018. Makumi ya nchi zilitia saini. Azimio hilo halina meno, lakini lilisema hadharani kwamba kitendo hiki si kesi ya kawaida ya mahakama, na hilo lilikuwa halijasemwa na wengi kwa pamoja.

Sheria yenyewe inampa mwenye uraia pacha nguvu kuliko serikali zinavyopenda kukiri. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 ulisema nchi haiwezi kumtetea raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Hiyo ndiyo kauli ambayo maofisa hukimbilia. Lakini mwaka 1981, mateka 52 wa ubalozi wa Marekani walipoachiwa baada ya siku 444, mapatano ya Algiers yaliunda mahakama ya madai kati ya Iran na Marekani, mjini The Hague. Mwaka 1984 mahakama hiyo iliulizwa kama mwenye uraia wa nchi zote mbili anaweza kuishitaki Iran. Ikajibu ndiyo, iwapo uraia wake wa Marekani ndio wenye uzito katika maisha yake: anakoishi, anakofanya kazi, walipo watoto wake. Iran ilipinga, na uamuzi ukasimama. Rasimu ya Tume ya Sheria ya Kimataifa ya mwaka 2006 kuhusu ulinzi wa kidiplomasia ikafuata mkondo huohuo.

Fikiria maana yake. Muirani-Mmarekani aliyenyang'anywa kiwanda aliweza kusikilizwa dhidi ya Iran, kwa sababu maisha yake yalikuwa Marekani. Akinyang'anywa mwili wake, anaambiwa yeye ni wa kwao, hatuwezi kitu. Machi 2019 Jeremy Hunt, waziri wa Uingereza wakati huo, alimpa Nazanin ulinzi wa kidiplomasia, yaani alitangaza kwamba dhuluma aliyotendewa ni dhuluma dhidi ya Uingereza yenyewe. Tehran ilidharau. Hata hivyo tamko lile lilikuwa la haki, na lilipaswa kutolewa mwaka 2016 kwa Nazanin na kwa kila aliyekuwa naye humo. Lilikuja baada ya miaka mitatu ya familia kuambiwa wanyamaze.

Ushauri huu wa kunyamaza nauchukia. Karibu kila familia iliupata: msiongee na waandishi, mtaharibu, tuachieni sisi. Kuna wakati ukimya unasaidia, katika saa za mwanzo kabla mfungwa hajatajwa jina. Baada ya hapo unamsaidia nani? Unamsaidia mkamataji, anayetaka muda wa kupata ungamo, na unamsaidia waziri, asiyetaka maswali Bungeni. Kamati ya Mambo ya Nje ya Bunge la Uingereza ilichunguza kesi hizi na ripoti yake ya Aprili 2023 iliikosoa serikali vikali, pamoja na kusita kwake kuita mateso mateso. Ilipendekeza ateuliwe mtu mmoja mwenye mamlaka, wa kushughulikia watu hawa tu. Marekani ilikuwa na mjumbe wa namna hiyo tangu 2015, na tangu 2020 ina sheria inayoitwa kwa jina la Robert Levinson, aliyetoweka kisiwani Kish mwaka 2007. Richard Ratcliffe alikaa siku 21 bila kula nje ya Wizara ya Mambo ya Nje mjini London, mwezi Oktoba na Novemba 2021. Deni lililipwa miezi minne baadaye.

Huku kwetu mambo haya si ya mbali. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010; Uganda ina sheria yake ya mwaka 2009; Tanzania bado inaukataa kwa mtu mzima na imeelekea kwenye hadhi maalumu kwa walioko ng'ambo. Katiba ya Kongo, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine, ilhali Wakongo wenye pasipoti za Ubelgiji na Ufaransa hawahesabiki. Mjadala wetu juu ya uraia pacha umekuwa wa ardhi, fedha zinazotumwa nyumbani na kura. Sijasikia wabunge wakiuliza: Mkenya-Mkanada akikamatwa Nairobi kwa sababu za kisiasa, nani anaruhusiwa kumwona? Miguna Miguna, mwanasiasa wa upinzani mwenye pasipoti ya Kanada, alionja upande wa pili wa jambo hili Februari 2018, alipopandishwa ndege kwa nguvu kwenda Kanada, serikali ikidai si Mkenya, ingawa mahakama za Kenya zilisema ni Mkenya. Dola huuokota uraia unaoifaa siku hiyo.

Paul Rusesabagina, Mbelgiji aliyezaliwa Rwanda na mkazi wa Marekani, alipanda ndege Dubai Agosti 2020 akiamini anakwenda Burundi, akajikuta Kigali. Simweki pamoja na Nazanin. Mashambulizi aliyohusishwa nayo yaliua watu, na familia za waliouawa zina haki ya mahakama. Lakini namna alivyofikishwa kizimbani haikuwa ya sheria, na ubishi ulikuwa uleule: Kigali ilisema ni Mnyarwanda, yeye akasema ni Mbelgiji. Aliachiwa Machi 2023 baada ya Qatar kuingia kati.

Qatar, na hasa Oman. Muscat, mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni na majumbani, ndiko Nazanin na Ashoori walikotua kwanza, ndiko mzee Namazi alikopitia, ndiko Vandecasteele na Assadi walikopishana. Waomani huzungumza na kila upande na hawajisifu. Nawaheshimu kwa kazi hiyo. Lakini msuluhishi hupokea orodha anayoletewa, na jina lisiloandikwa Stockholm au Washington haliwezi kuongezwa Muscat.

Ipo orodha nyingine ambayo haiandikwi na mtu yeyote. Wale watunza duma waliokamatwa na Tahbaz wengi walikuwa na pasipoti ya Iran peke yake. Mkuu wao, Profesa Kavous Seyed-Emami, Muirani-Mkanada, alifia Evin Februari 2018. Maofisa wa Iran walisema amejiua, familia haikukubali. Wanne wa mwisho walitoka mwaka 2024, bila ndege wala kamera. Hakuna fedha zilizozuiliwa kwa ajili yao, na Narges Mohammadi, mshindi wa Nobel ya Amani ya 2023, hakuna nchi iliyombadilisha na mtu. Ninapodai kwamba pasipoti mbili ziheshimiwe, sisahau kwamba wafungwa wengi wa Evin wangeshukuru kuwa na nusu ya bahati mbaya ya Nazanin.

Namalizia na Ahmadreza Djalali, kwa kuwa kesi yake bado inaweza kubadilishwa na walio hai. Ni daktari wa tiba ya maafa, aliyefanya kazi Sweden, Italia na Ubelgiji. Aprili 2016 alikwenda Iran kwa mwaliko wa kitaaluma, akakamatwa. Oktoba 2017 alihukumiwa kifo. Novemba 2020 alihamishiwa seli ya peke yake, ikasemekana ananyongwa, ikaahirishwa. Mei 2022 tarehe ikatajwa tena, wakati Hamid Noury, aliyeshiriki mauaji ya wafungwa mwaka 1988, alipokuwa anahukumiwa Stockholm. Noury alipata kifungo cha maisha. Juni 2024 Sweden ilimrudisha Iran, ikawapokea Johan Floderus, mwanadiplomasia wa Umoja wa Ulaya, na Saeed Azizi, mwenye uraia pacha. Djalali alibaki. Kutoka gerezani alituma ujumbe wa sauti kwa Waziri Mkuu Ulf Kristersson, akimwambia kwamba ameamua kumwacha.

Serikali ya Sweden ilijitetea kwamba Iran haikukubali kumjadili, kwa kuwa haimtambui kuwa Mswidi. Lakini Sweden ilimpa uraia Februari 2018, akiwa tayari ameshahukumiwa kifo. Iliijua sheria ya Iran. Ilijua mlango wa ubalozi umefungwa. Ikampa uraia huo kwa makusudi, ili aweze kusimamiwa, na alipokuja mtu pekee ambaye Tehran ilimtaka kweli, ikamtoa bila Djalali. Sasa Noury hayuko tena mikononi mwake, na chochote kitakachohitajika kumtoa daktari huyu kitakuwa kigumu kupatikana kuliko Juni ile. Sweden inapaswa kukitafuta, na nchi za Ulaya alizozitumikia zinapaswa kukitafuta pamoja nayo.